Naombeni ushauri: wakulima 60 Jumamosi, nifanyeje wasisinzie?

Mleta mada: Wakuu, Jumamosi nafundisha kuhifadhi mahindi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani ya kiroba. Muda ni masaa mawili, slaidi 48 ziko tayari. Nizipangeje?

Chumvi Kavu: Leta chupa, mkuu. Chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mahindi theluthi, chumvi vijiko viwili. Tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, waanike tena hata hivyo, maana mfuko unataka 13.5 au chini ya hapo. Chumvi yenyewe ikauke kwanza, la sivyo itaganda hata kwa mahindi makavu na utaumbuka mbele za watu.

Bibi Shamba: Vijana mnapenda projekta kuliko mkulima. Ukumbi una umeme?

Mleta mada: Ni chini ya mwembe, saa nane mchana. Ila jenereta nimeshalipia nusu.

Fundi Sauti: Jenereta iweke mbali, nyuma ya nyumba, watu wakusikie. Na kebo nene.

Mzee wa Hoja: Hii chai. Mifuko inauzwa maduka ya pembejeo, uwaite watu 60 ya nini?

Mleta mada: Si chai, mkuu. Mwaka jana niliwafundisha haohao kwa slaidi hizihizi. Wakanunua, mahindi yakavunda. Sasa wanasema mifuko ni feki. Lakini 13.5 niliitaja!

Chumvi Kavu: Ungeanza na hilo. Uliitaja, mkulima hana kipimo. Mfuko haukaushi: unazuia hewa, wadudu wanakosa pumzi, unyevu unabaki humohumo. Waambie hivyo kabla ya yote.

Kisha makundi 10 ya watu sita, kila kundi chupa yake, mahindi watoke nayo nyumbani. Plastiki za ndani wazijaze upepo, wakabe mdomo, wabonyeze, wasikilize panapovuja. Kufunga: plastiki ya kwanza kamua hewa, sokota, kunja, kaza kamba, ya pili vivyo hivyo, kiroba cha nje mwisho. Wengi hufunga zote kwa kamba moja, hewa inapita kwenye mikunjo.

Usiulize "mmeelewa?", wote watajibu ndiyo. Sema "mama, hebu nifungie huu", halafu mikono yako iweke nyuma.

Mleta mada: Na jenereta?

Bibi Shamba: Nusu uliyolipa imekwenda, mwanangu. Iliyobaki nunua chumvi na mifuko miwili, mmoja utoboe kwa msumari wautafute tundu.