Jirani kajenga ukuta ndani ya eneo letu Pongwe, Tanga: tuanze kata au twende wilayani?

Mgosi_Pongwe: Habari wagosi. Eneo halijapimwa, ni la marehemu baba. Jirani aliyenunua upande wa mashariki ameng'oa mnazi wa mpaka, ukuta wake umeingia kwetu kama mita mbili, na karo lake la maji machafu linachuruzika kuelekea kisimani. Mwenyekiti wa mtaa kashindwa. Baraza la kata bado linahukumu? Na fundi tunamsimamishaje?

Mwanasheria_Ngamiani: Kata haihukumu tena. Tangu marekebisho ya 2021 inasuluhisha tu, ila huwezi kuiruka: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka cheti cha kata kwamba suluhu imeshindikana. Peleka lalamiko kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kufungua shauri wilayani bila cheti, na hapo karatasi yenye muhuri ndiyo inayokusemea. Wengi wanaitupa halafu wanabaki kuapa kwa mdomo.

Lakini kwanza, nani anadai? Kuwa mtoto wa marehemu hakutoshi. Anayesimama ni msimamizi wa mirathi, mwenye Fomu Na. IV (ya kuteuliwa kusimamia mirathi) kutoka Mahakama ya Mwanzo. Bila hiyo mtapigwa pingamizi la awali na shauri litaondolewa kabla mnazi haujatajwa.

Bi_Mipaka: Naongezea hapo penye mnazi. Kwa eneo lisilopimwa, maelezo ya "shamba lililopo Pongwe" ni kaburi la shauri. Andika mtaa, ukubwa kwa mita au hatua, na nani au nini kipo kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, pamoja na alama zisizohama: mwembe, kisima, njia. Mnazi uking'olewa huacha shimo la mviringo lenye mizizi kama kamba pembeni. Lipigeni picha leo, pamoja na kona ya ukuta ndani ya picha hiyohiyo, kabla hajamwaga kifusi. Baraza likija kutembelea eneo mtakuwa na cha kuonyesha.

Aliyemuuzia jirani naye muunganisheni kwenye shauri. Na msikimbilie kuishtaki halmashauri ya jiji eti ilitoa kibali cha ujenzi: hiyo inataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ndani, na Mahakama Kuu. Baraza la wilaya halina mamlaka hayo. Likiwa shauri la kurudishiwa ardhi, mwisho wa baraza hilo ni thamani ya shilingi milioni 300.

Mwanasheria_Ngamiani: Kuhusu fundi: mkifungua maombi ya msingi, siku hiyohiyo wekeni maombi ya zuio la muda, yenye kiapo na hati ya dharura. Kiapo kiseme ukuta umefika kozi (mstari wa matofali) ya ngapi. "Anaendelea kujenga" peke yake haionyeshi haraka yoyote. Karo lisisubiri baraza, mwiteni bwana afya wa kata sasa hivi.

Mgosi_Pongwe: Asanteni sana. Amri ya zuio apewe jirani au fundi?

Bi_Mipaka: Jirani, asaini kupokea. Iombwe imtaje yeye, mafundi na mawakala wake. Nakala moja mpe mwenyekiti wa mtaa, ndiye atakayeitwa fundi akirudi Jumapili kupiga plasta.