Debian stable ni kiporo? Tubishane kidogo

Wakuu, kuna jamaa kaniambia anayetumia Debian stable (tawi tulivu la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux) anakula kiporo, yaani programu za zamani. Sasa wengi mnachanganya, stable haimaanishi haigandi, maana yake haibadiliki, toleo la programu ulilolikuta siku ya kwanza ndo utakaa nalo, wanakuzibia matundu ya usalama na hitilafu kubwa tu basi. Debian 12 ilitoka Juni 2023 na keneli (kiini cha mfumo) 6.1 na mpaka leo ni 6.1 hiyohiyo. Mi kwa seva sitaki kingine.

— Seva sawa mkuu. Ila chukua laptopu mpya uiwekee keneli ya zamani uone, waifai haionekani, kadi ya picha inasuasua, halafu unaniambia habari za utulivu. Arch (Linux inayoletewa matoleo mapya kila mara) unaapdeti leo, kesho draiva ipo.

— Na keshokutwa haiwaki! Agosti 2022 mmeshaisahau? GRUB mpya (programu inayouwasha mfumo) iliingia, mashine kibao za Arch na ndugu zake zikagoma kuwaka, watu wakaanza kutafuta flashi.

— Mtoa mada tena. Na xz (programu ya kubana mafaili) je? Machi 2024, toleo la 5.6.0 na 5.6.1 zilikutwa na mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia mashine), zikawa zimeshafika Arch, Tumbleweed (Linux nyingine ya aina ya Arch, ya openSUSE), Debian sid (tawi la Debian lisilotulia). Huku stable hata hatukuguswa, kiporo chetu kilitulinda hahaha.

— Mkuu usipotoshe. Kwanza sshd ya Arch (programu inayopokea wanaoingia kwenye mashine toka mbali kwa SSH) haiunganishwi na liblzma, maktaba ya xz, kwahiyo ile njia iliyojulikana isingefanya kazi kwao. Pili, Andres Freund aliyegundua alikuwa anapimia kwenye sid hiyohiyo, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde akafukunyua. Wangekuwa wote wamekaa stable kama wewe ule uchafu ungeshuka taratibu mpaka kwenu, mnalala vizuri sababu sisi tunaungua kwanza.

— Mh, hapo sina jibu. Ila bado sihami.

— Jamani Fedora (Linux nyingine) mbona hamuitaji? Toleo jipya kila miezi 6 hivi, linahudumiwa kama miezi 13, keneli inapanda humohumo katikati. Mi laptopu Fedora, seva Debian, sina ugomvi na mtu.

— Huyu wa Fedora kaja kuharibu mjadala. Mi nataka kujua wale wenye Arch wanaoapdeti mara moja kwa miezi sita tena bila kusoma tangazo hata moja, nyie mko upande gani?