Legacy iliyoshushwa: spesa za milimita 20 au rimu pana zenye ofseti ndogo?

Mkazi wa Kireka

Habari zenu wanajukwaa. Ninaendesha Subaru Legacy wagoni, BP5, ambayo niliishusha kwa milimita 40 hivi kwa kuweka koilova, yaani shokapu zenye springi zinazorekebishwa kimo. Tangu ishuke, magurudumu yanaonekana yamezama mno ndani ya madigadi, hasa ya nyuma, na ningependa yasogee nje hadi ubavu wa tairi ulingane na ukingo wa madigadi bila kuupita. Rimu zilizopo ni za kiwandani, inchi 17 kwa upana wa inchi 7, ofseti 55, na tairi ni 215/45. Nilining'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa madigadi, nikapima hadi ubavu wa tairi, nikapata milimita 21 mbele na 26 nyuma.

Muuzaji mmoja wa vipuri pale Kisekka amenionyesha spesa za milimita 20, yaani vipande vya kusogeza gurudumu nje, zile zinazofungwa kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu) kwa nati zake, kisha rimu ikafungwa juu yake. Mwenzake ana rimu zilizotumika Japani, inchi 17 kwa 8, ofseti 48, anaziuza ghali zaidi na anasisitiza kwamba zitanifikisha palepale. Je, ni kweli kwamba njia hizi mbili ni sawa, na kwamba tofauti ni bei tu? Siku nyingi ninazunguka mjini, lakini mara kwa mara ninapakia familia na mizigo kwenda kijijini upande wa Masaka, ambako kipande cha mwisho ni barabara ya marumu.

Fundi wa Ndeeba

Ndugu, kwa upande wa nje njia hizo zinakaribia kuwa sawa. Ni upande wa ndani ndio unaozitenganisha, na huko wanunuzi wengi hawachungulii. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso wa rimu unaokaa kwenye habu. Ikiwa chanya kama yako, uso huo uko nje ya mstari wa katikati, na kadiri namba inavyopungua ndivyo gurudumu zima linavyotoka nje. Spesa ya milimita 20 inaifanya ofseti yako ya 55 iwe kama 35. Kwa kuwa upana wa rimu haukubadilika, ukingo wa nje unatoka kwa milimita 20, na ukingo wa ndani unaachana na shokapu kwa milimita 20 zilezile.

Rimu ya inchi 8 ina hesabu nyingine. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kila upande unaongezeka kwa milimita 12.7. Nje, ongeza tofauti ya ofseti, yaani 7, upate milimita 19.7, ambazo kwa macho ni 20 za spesa. Ndani, toa hiyo 7 kwenye 12.7, zinabaki 5.7, na hizo zinaelekea kwenye shokapu badala ya kuikimbia. Wewe uliyeweka koilova una pete inayobeba springi, ambayo kadiri gari linavyoshushwa ndivyo inavyokaribia bega la tairi. Pandisha gari kwa jeki, ingiza kidole kati ya tairi na pete hiyo pamoja na bomba la shokapu. Kikipita kwa kusukumwa tu, rimu hizo zisahau, kwa sababu kwenye marumu tope na kokoto zitajibana hapo na kuanza kusaga ubavu wa tairi mahali usipopaona.

Nafasi ikiwepo, mimi ningechukua rimu, na sababu yangu si urembo. Uzito wa gari hushuka barabarani kupitia mstari wa katikati ya tairi. Rimu hizo zinausogeza mstari huo nje kwa milimita 7, ilhali spesa inausogeza kwa milimita 20 kamili. Beringi za habu zilitengenezwa kubeba mzigo mahali fulani, na ukiusogeza unazipa nguvu ya wenzo ambayo hazikuizoea. Magurudumu ya mbele yana neno la ziada: usukani unaanza kuvutwa na kila shimo na kila mfuo wa malori, na ukifunga breki huku gurudumu moja likiwa kwenye lami na jingine kwenye mchanga wa pembeni, utausikia mikononi.

Mzee wa Njeru

Ninaungana na Fundi, lakini nakuomba, ssebo, usitoe pesa kabla hujaigeuza rimu ukaangalia mgongo wake. Ukubwa na ofseti huwa vimeandikwa nyuma ya spoku au ndani ya pipa la rimu. Neno la muuzaji halitoshi. Legacy yako ina boliti 5 kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 56.1. Rimu za Caldina na za Wish nazo ni 5 kwa 100, ndiyo maana utauziwa kwa moyo mkunjufu kabisa, ila tundu lao ni milimita 54.1 na habu ya Subaru haiingii humo. Tundu hilo linaweza kupanuliwa kwenye mashine ya kukerezea na fundi aliyelipanga sawasawa katikati. Anayelikwangua kwa tupa mpishe, kwa kuwa rimu isiyokaa katikati itatikisa usukani hata ikisawazishwa namna gani.

Rimu za Toyota mara nyingi huuzwa pamoja na nati zake. Usizikubali. Boliti za Subaru ni milimita 12 zenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya 1.25, na za Toyota ni milimita 12 zenye hatua ya 1.5. Nati ya Toyota inaingia mizunguko michache ya kwanza kisha inakaza, na kijana mwenye bunduki ya upepo haoni kizuizi hicho, anaisukuma mpaka nyuzi za boliti zinalika. Isitoshe, nati nyingi za rimu za Toyota zina kikalio bapa chenye washa, na za Subaru zina kikalio chenye umbo la koni. Kikalio kisicholingana na shimo hakishiki.

Kuhusu spesa, sizikatai zote. Iliyochongwa kutoka kwenye bamba imara la aluminiamu, yenye tundu la 56.1 nyuma na mdomo wa 56.1 mbele wa kuishika rimu, inaweza kukaa miaka. Ninayoikataa ni ile ya chakavu kilichoyeyushwa na kumiminwa, ambayo ukiitazama kwa makini pembeni mwa mashimo unaona vitundu vidogovidogo vya hewa. Hiyo hupasuka. Na hata iliyo nzuri, nati zake za ndani hufichwa na rimu, kwa hiyo huwezi kuzikagua bila kufungua gurudumu. Angalia vilevile kama ncha za boliti za habu zinachomoza nje ya spesa: zikigusa mgongo wa rimu usiokuwa na visima vya kuzipokea, rimu haikai vizuri hata ukikaza vipi.

Mkazi wa Kireka

Nawashukuru sana wazee wangu. Kidole kinapita mbele na nyuma, na bado kuna nafasi ya kingine, kwa hiyo nimeegemea kwenye rimu. Swali lililobaki ni la nyuma, ambako nilipata milimita 26. Rimu zitachukua karibu 20. Je, nikiongeza pale nyuma spesa nyembamba ya milimita 5, ile ya bamba tu isiyo na boliti zake, nitakuwa nimekosea?

Fundi wa Ndeeba

Fanya hesabu ya nati kwanza. Hatua ya boliti yako ni 1.25, kwa hiyo bamba la milimita 5 linakula mizunguko 4 ya nati. Kanuni tunayoifuata ni kwamba nati ishike nyuzi kwa urefu usiopungua unene wa boliti, yaani milimita 12, ambayo ni karibu mizunguko 10 kamili. Funga rimu mpya bila bamba, kaza kwa mkono, kisha ifungue nati moja huku ukihesabu mpaka itoke. Ukipata 12, ukiweka bamba utabaki na 8, na hapo lazima boliti zing'olewe na kuwekwa ndefu zaidi kwa mashine ya kukandamizia. Tena bamba jembamba hufunika mdomo wa habu, na rimu isiyoufikia mdomo huo imekalia nati peke yake.

Ila hata kabla ya boliti, mimi ningeziacha hizo milimita 6. Wewe umepima gari likiwa tupu na limesimama. Ondoa springi au pakia watu watano na mizigo ya Masaka, kisha inua gurudumu moja kwa jeki chini ya mkono wake mpaka shokapu ifike mwisho, na utazame tairi inaingia wapi. Bandika vipande vya udongo laini kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, alama itakuonyesha. Kwa magurudumu ya mbele, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili.

Na hivyo vipimo vyako, ulivichukua kabla ya alaimenti (kurekebisha mielekeo ya magurudumu) au baada? Gari likishushwa, vichwa vya magurudumu hulala ndani. Kwa tairi ya kimo chako, kila digrii moja ni kama milimita tano na nusu juu ya tairi. Fundi wa alaimenti akiinyoosha nyuma kwa digrii moja ili tairi isiliwe upande wa ndani, milimita zako 26 zitageuka 20 au 21 bila wewe kununua chochote.

Mkazi wa Kireka

Nilipima kabla. Basi nitaanza na alaimenti, nipime upya, ndipo nirudi Kisekka na rula.

Mzee wa Njeru

Beba na brashi ya waya. Uso wa habu usugue hadi chuma kionekane, kwa kuwa kutu na vumbi la marumu vikibaki katikati hujisaga na nati hulegea. Nyuzi zisipakwe grisi. Kaza kwa msalaba, kwa spana ya kupima mkazo, ukifuata kipimo cha kitabu cha gari, na ukaze tena baada ya kilomita 100 hivi, kabla hujaanza safari ya Masaka.