Watu wa skrapu Nairobi, kabaidi si chuma na mnajua!

Wasee, hii naiandika nikiwa na hasira na sifichi. Kuna yadi moja ya skrapu Industrial Area, jina naliacha, imenifanyia kitu wiki juzi nikiwauzia kabaidi, ile metali ngumu sana ya kukatia chuma, hadi leo sijatulia, na si mimi pekee ju nikiongea na mafundi wenzangu hapa Kariobangi Light kila mtu ana yake ya kusimulia.

Mimi ni fundi wa lethi, ile mashini ya kuchonga chuma. Miaka 9 sasa, kila insati, yaani kile kipande kidogo cha kabaidi kinachokata chuma kwa kona zake, ikiisha kona zote naitupa kwa mkebe wa rangi wa lita 4 ulio chini ya mashini, pamoja na endmili (visu vya kuzunguka) zilizovunjika na tipu za zamani za kubreziwa, yaani zilizoshikishwa na shaba kwa mpini wa chuma, hizo nilizibandua mwenyewe kwa gesi, mpini nikaweka kando. Siku ya kuubeba huo mkebe ule mkono wa waya uling'oka nikabaki nao kwa vidole, mkebe wenyewe haujanyanyuka hata kidogo. Ndio ujue kabaidi ni nini, tangsteni, ile metali nzito, na kaboni na kobalti, kipande cha ukubwa sawa na chuma lakini uzito karibu mara mbili. Tukaubeba watu wawili hadi kwa mama anayeuza mchele hapo nje, mizani yake ikasoma kilo 23.4 bila mkebe.

Nikapiga simu yadi. Jamaa akasema kabaidi safi ni 900 kwa kilo, lete. Huko nje insati chakavu zinaenda zaidi ya dola 10 kwa kilo, yaani zaidi ya 1,200 ya kwetu, na tangu Februari 2025 China iweke masharti ya kuuza tangsteni nje bei ilipanda sana ju karibu asilimia 80 ya tangsteni ya dunia inachimbwa kwao. Lakini nikasema sawa, na yeye ana usafiri na lazima ale. 23.4 mara 900 ni 21,060. Mota ya lethi ilikuwa imeungua, hiyo pesa ilikuwa ya kuifunga waya upya, kazi za watu zimelala.

Nikafika na boda, boda akaenda zake. Mizani yao ikasoma 19.

Nikamuuliza, bosi mbona 19 na nimetoka kupima 23? Akanijibu, fundi, hiyo yako ni mizani ya mchele, hii ndio mizani ya chuma. Akamwaga kila kitu juu ya gunia, akaleta sumaku imetolewa kwa spika, insati zikashika. "Umeona? Hii ni chuma. Kabaidi haishikwi na sumaku." Anaongea kwa sauti kubwa ndio vijana wake na wateja wengine wasikie.

Sasa sikieni vizuri hapa, ju hii sumaku ndio wanatuibia nayo. Kobalti ndio gundi inayoshika chembe za kabaidi zisiachane, iko kama asilimia 6 kwa insati nyingi, zingine 10 na zaidi, na kobalti inashikwa na sumaku kama chuma tu. Kwa hivyo insati LAZIMA ivutwe, lakini kidogo, ukiigusa na kidole inaachia, si kama bolti ambayo unaing'ang'ania. Mtu ananunua kabaidi kila siku hawezi kukosa kujua hiyo. Nikamwambia basi chukua tupa ujaribu, ikikata nakupea mkebe wote bure. Tupa ikipita juu ya kabaidi inateleza kama juu ya glasi. Akakataa. Nikasema leta maji kwa jagi tupime, akaita mteja mwingine.

Halafu akatoa kilo 3 za "uchafu", ati kuna shaba. Zile tipu za brezi zote pamoja hazifiki kilo moja! Na sikatai zilipwe chini, ile shaba inasumbua wanaosafisha, hiyo ni haki yao, lakini zitenge uzipime, si kukisia na macho. Ikabaki 16. Bei nayo ikawa 250 ju "imechanganyika". Jumla 4,000.

Nikaanza kurudisha vitu vyangu kwa mkebe. Ndio akauliza, kwanza hizi umetoa wapi, una risiti, ama tuite polisi? Wasee mnajua hilo swali. Tangu Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta apige marufuku biashara ya skrapu ju ya nguzo za stima zilizoangushwa, hata baada ya marufuku kutolewa mtu akionekana na chuma kwa gunia ni mwizi kwanza. Nani ako na risiti za insati za miaka 9? Nikachukua hiyo 4,000 kwa M-Pesa nikaondoka, na hapo ndio panauma kushinda kila kitu. Insati moja ya kona 4 nanunua 600, uzito wake ni kama gramu 10. Kilo moja ni insati 100 hivi, nilizinunua kwa 60,000, nimelipwa 250.

Kwa karakana nilikuwa nimebakisha zingine kwa droo. Nikapima kilo moja, nikatia kwa jagi ya plastiki yenye alama, maji yakapanda mililita 70 hivi. Nikatia kilo moja ya bolti, yakapanda karibu 130. Hiyo si elimu ya chuo, ni jagi na maji, hata mtoto wa darasa la 6 anaona hizi ni vitu viwili tofauti.

Jumamosi nikarudi na pakiti ya unga ya kilo 2, haijafunguliwa. Wakiwa wamejaa wateja nikaiweka kwa ile mizani. 1.6! Nikapiga picha, kijana mmoja akanisukuma nje. Na nimeizunguka hiyo mizani na macho, muhuri wa watu wa vipimo sikuona popote. Jumatatu napeleka hiyo picha kwa ofisi ya hao watu wa vipimo.

Sheria ya skrapu ya 2015 inataka hawa watu wawe na leseni na waandike wanachonunua, kwa hivyo ukienda uliza leseni kabla ya kushusha mzigo, beba unga wako, na insati, endmili na tipu za brezi ziwe kwa mikebe tofauti, bei ya kila mkebe uwe nayo kwa meseji.

Na kuna kitu nataka tufanye. Fundi mmoja na kilo 20 anadharauliwa. Hapa Kariobangi tuko watatu tayari, tuna kama kilo 35. Walio Baba Dogo, Gikomba, Lunga Lunga, andikeni hapa mko na kilo ngapi, tukifika 100 tunatafuta mnunuzi anayepeleka nje mwenyewe, na upimaji unafanyiwa kwangu.