Seva yangu haipokei taarifa za malipo, nisaidieni

pwani_kodi: Wadau, nimebanwa. Keshokutwa mwenye duka la maji anakuja kukagua kazi na seva haipokei kitu. Nimeandika programu ndogo kwa Flask ya Python ipokee taarifa za malipo kutoka Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Mteja anaombwa PIN kwenye simu, analipa, hela inaingia, lakini webhuku, yaani ile taarifa wanayoitumia seva, haifiki. Nikijitumia ombi la majaribio kwa curl najibiwa 200, yaani sawa. Nihamie Node ya JavaScript?

Jabali254: Hamia. Mimi tangu niache Python nalala usingizi.

mama_data: Node haihusiani na hili. Hiyo curl ulijaribia wapi?

pwani_kodi: Kwenye mashine yenyewe.

mama_data: Mashine gani? Iko wapi?

pwani_kodi: Laptopu, iko dukani juu ya friji. Lakini hilo si tatizo, dada. Poti 443, mlango wa kuingilia, nimeifungua kwenye rauta, domeni ipo, UPS nimeshanunua. Na mwenye duka nimeshamuahidi hakuna kulipia seva kila mwezi, kwa hiyo habari za VPS, seva ya kukodi mtandaoni, tuziache.

mzee_wa_seva: Mwanangu, hela za watu haziwekwi juu ya friji. Intaneti ikikatika wateja wamelipa na duka halijui, lawama zote zako.

Chapati_Kavu: Angalau haitapata joto.

sauti_ya_likoni: Zangu zilikuwa zinafika kupita kiasi! Mfumo wa kukodisha viti: taarifa moja ikaja mara mbili, mteja akaandikiwa amelipia harusi mbili. Tulibishana na mwenye viti mpaka usiku.

mama_data: Turudi kwenye mada. Ingia kwenye rauta, usome anwani ya WAN, ile ya upande wa nje.

pwani_kodi: 100.72.14.9

mama_data: Ndiyo hiyo sasa. Anwani za 100.64 mpaka 100.127 ni za ndani ya mtandao wa anayekuuzia intaneti, na wateja wengi mnatoka nje kwa anwani moja. Umefungua mlango wa chumba, lango la uani limefungwa.

Jabali254: Ngojeni. Uzi huu ni wa kutunga. Daraja wanataka HTTPS, yaani anwani yenye cheti cha usalama, na Let's Encrypt, wanaotoa vyeti hivyo, huja kugonga poti 80 ndipo wakupe cheti. Kama hakuna anayefika kwake, cheti kakitoa wapi?

mzee_wa_seva: Hata mimi ile friji ilinitia shaka.

pwani_kodi: Nitunge nipate nini? Domeni niliithibitisha kwa rekodi ya TXT, maandishi niliyoyaweka kwenye DNS, daftari la domeni. Njia hiyo haigongi poti yoyote.

mama_data: Ni kweli, njia hiyo ipo. Pwani_kodi, kama VPS huitaki, weka Cloudflare Tunnel. Laptopu ndiyo inayotoka kwenda kwao, taarifa zinapitia hapo hapo, rauta huigusi. Ukimaliza zima Wi-Fi ya simu, ufungue anwani yako kwa data.

pwani_kodi: Imefunguka kwa data! Nimelipa shilingi 1: ResultCode 0, yaani malipo yamefaulu, na namba ya risiti imo. VPS nitamwambia biashara ikikua.

mama_data: Usimkabidhi bado. Yeyote akiijua anwani hiyo anaweza kukutumia ResultCode 0 ya uongo. Kila CheckoutRequestID, namba ya ombi la malipo, ilinganishe na uliyoihifadhi ulipotuma ombi, pamoja na kiasi. Ikija mara ya pili, usihesabu. Na malipo ya leo ambayo hayakufika, waulize Daraja hali yake kwa CheckoutRequestID hizo hizo. Unazo?

pwani_kodi: Zimo kwenye faili la logi. Naanza nazo sasa hivi.