NIMEVALISHWA KONI YA ZEGE KICHWANI MBELE YA MAFUNDI 40!!

Wakuu, naandika nikiwa na saruji sikioni. Sijaoga, sijala, na silali kabla sijalisema hili.

Yule bosi wa saiti mnamjua, msijifanye. Yule mwenye kalamu tatu mfukoni ambaye hajawahi kuandika hata herufi, anaongea na simu mbili kwa mpigo, na atakuita "wewe kijana" mpaka upate wajukuu. Leo amenivalisha koni. Ile ya kupimia kama zege ni gumu au limelegea. Kichwani mwangu!

Jengo ni ghorofa 14: chini maduka, juu yake maegesho, kisha makazi ya watu. Leo tulikuwa tunamwaga boriti za ghorofa ya tatu, na wanaojua ujenzi wataelewa kwa nini bado natetemeka. Huku chini mwenye duka hataki nguzo katikati ya bidhaa zake, magari nayo yanataka nafasi ya kugeuza. Huko juu vyumba vimepangwa kivyake. Kwa hiyo nguzo za juu hazikanyagi nguzo za chini, zinakanyaga boriti zile. Ghorofa 11 zitakaa juu yake! Nondo zimesukwa humo mpaka kidole hakipiti. Kwingine ukikosea utabomoa urudie. Pale ukikosea umewatandikia watu kitanda juu ya mlenda.

Lori limefika saa nne, limeshachoka na foleni. Nikapima. Matabaka matatu, kila tabaka nikashindilia mara 25, nikainua koni taratibu: limeshuka milimita 90, na tulikubaliana 100. Zege zuri, limesimama kwa heshima zake. Yeye akatupa jicho, akasema "gumu hilo, litaziba pampu," akaamuru mpira wa maji uingizwe kwenye ngoma ya lori. Hata ndoo ningemwelewa. Mpira! Maji yaliyoingia mle yangeifurisha Jangwani bila mvua.

Nikapima tena. Nilipoinua koni zege halikushuka, lilikimbia. Nikamwambia bosi, saruji ni ileile na maji yamezidi, hapo nguvu imeshaondoka, kyubu, vile vipande vya zege tunavyovipasua siku ya 28 kupima nguvu, zitatuumbua. Akanijibu kyubu nitengeneze kwa lori litakalokuja zuri. Nikakataa. Ndipo akaiokota koni, bado ina zege limeng'ang'ania ndani, akaitua juu ya kichwa changu: "Haya, injinia wa uji, kapime huko!"

Mafundi 40 wakacheka. Mama ntilie akacheka. Dereva wa lori akacheka mpaka akalalia honi. Naapa hata kreni ilitikisika.

Na lile zege likateremka shingoni, likapita mgongoni, likafika kwenye mkanda. Zege la kubeba ghorofa 11 limefika kwenye mkanda wangu! Mnataka ushahidi gani mwingine? Tulizika watu 36 jengo lilipoporomoka pale Kisutu 2013. Novemba 2024 tukalia tena Kariakoo. Na leo mtu ananivalisha koni. Koni, wakuu!

Mzee wa Kokoto: Uzi bila picha ya koni kichwani ni chai. Weka picha.

Binti Mnazi: Pole kaka. Ila ulikaa nayo kichwani muda gani?

Mleta uzi: Sekunde kumi tu! Mkono mmoja fimbo, mwingine rula, ningeivua na nini?

Binti Mnazi: Sekunde kumi ni nyingi kaka.

Mkongwe Saiti: Dogo, miaka 20 namwaga zege, maji tunatia na majengo yamesimama. Nyie wa vyeti mnapenda kulialia.

Mpangaji wa Sita: Kumbe ni wewe, Mkongwe! Naishi ghorofa ya sita, chini baa, katikati ofisi. Dari ya bafu imebanduka, nondo zinachungulia nyekundu kama kutu la meli. Nimemwita mwenye nyumba, kapaka rangi. Nyeupe! Juu ya nondo! Na kodi ya miezi sita kameza.

Mzee wa Kokoto: Bafu si ukuta wa Berlin mkuu, hama.

Mpangaji wa Sita: Nihamie kwako?

Fundi Ringi: Bora wewe umevalishwa koni. Sisi tumefunga ringi za nondo za boriti wiki tatu, vidole vimegeuka koleo, hatujaona hata mia. Jamaa huyohuyo wa kalamu tatu. Tena akaja kutoa biskuti, vile vipande vya kuinua nondo zisiguse mbao, eti zinakula nafasi ya zege, nondo zikalala juu ya mbao kama samaki kwenye kikaango.

Mleta uzi: Umeona! Ndiye huyohuyo aliyenivalisha koni!

Fundi Ringi: Koni itaoshwa mkuu. Mimi nadaiwa na mama ntilie.

Shamsi wa Deira: Huku Dubai ukigusa mpira wa maji unaitiwa usalama. Joto likiwa kali tunamwaga usiku. Hata Burj Khalifa, mita 828 ile, kiangazi walimwaga usiku na barafu ikatiwa kwenye mchanganyiko. Lori likipitisha muda linarudi na mzigo wake.

Mkongwe Saiti: Barafu kwenye zege? Hilo ni zege au juisi ya miwa?

Fundi Ringi: Mkuu wa Deira, meseji zako umefunga. Wafunga nondo wanahitajika huko?

Mzee wa Kokoto: Mimi pasi ya kusafiria ninayo tayari, nimeitunza chini ya godoro.

Binti Mnazi: Msikimbilie tu. Kuna wakala, mnamjua, yule wa cheni nene. Kaka yangu alimpa laki nane za Dubai, akafikishwa Bagamoyo akaambiwa asubiri ndege.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye koni.

Mpangaji wa Sita: Laki nane? Mimi alinichukua milioni na nusu! Yule mwenye ofisi ina kapeti jekundu?

Binti Mnazi: Huyohuyo! Na ana kijisamaki kwenye chupa mezani.

Mpangaji wa Sita: Kile kisamaki nakijua, nilikitazama siku nne nikisubiri viza. Ngoja nimfungulie uzi wake.

Fundi Ringi: Nitag.