Vifaranga wa mayai mchanganyiko, nitajuaje mbegu zao?

Mwenye Banda:
Wakuu, habari zenu. Koo wangu kaangua jana. Mayai niliyapata kwa wafugaji tofauti, mengine meupe, mengine ya kaki, nikamlalishia yote pamoja. Sasa nataka kuwavalisha pete kila mmoja na mbegu yake kabla hawajakua wakanichanganya.

Wengi ni njano tupu. Wawili ni weusi wenye doa jeupe utosini. Mmoja ana michirizi ya kahawia mgongoni. Yupo wa shingo wazi, ila mbele amebakiwa na kishada cha manyoya. Na huyu wa mwisho ndiye ananinyima usingizi: ngozi nyeusi hadi mdomoni, manyoya mpaka vidoleni, na vidole vyenyewe ni vitano kila mguu!

Mama Vifaranga:
Hongera sana ndugu yangu. Huyo wa vidole vitano mtunze, ana damu ya mbegu iitwayo Silkie. Kuku wengi wana vidole vinne. Dorking na Faverolles nao wana vitano, lakini ngozi yao haiwi nyeusi.

Mzee wa Kutotolesha:
Mama kasema kweli. Ila naomba tutofautishe "ana damu ya" na "ni". Kidole cha tano kinarithiwa kwa nguvu, mzazi mmoja akiwa nacho kinatosha kumtokea mtoto. Kwa hiyo chotara naye anaweza kuwa nacho. Subiri manyoya ya ukubwani: Silkie halisi hubaki na manyoya laini kama pamba, chotara huota ya kawaida.

Wa shingo wazi ni kishingo, hilo halina ubishi, maana shingo huonekana tangu siku ya kwanza. Kile kishada cha mbele kinakuambia kapata urithi huo upande mmoja tu. Angeupata pande zote mbili, shingo ingekuwa karibu tupu kabisa.

Weusi wenye doa utosini mara nyingi ni Plymouth Rock wa milia au chotara wake. Hao ndio nawapenda kuwaangalia, kwa sababu doa linasema na jinsia: jogoo doa lake huwa kubwa na limesambaa, tetea lake ni dogo na limekaa mahali pamoja. Kwa chotara usilitegemee sana. Pia wageuze uone tumbo. Australorp naye huzaliwa mweusi, lakini weupe wake uko zaidi tumboni na kwenye ncha za mbawa.

Mwenye michirizi siwezi kumpa jina, wala asikudanganye mtu. Leghorn wa kahawia wako hivyo, Welsummer wako hivyo, na kienyeji wengi tu wako hivyo.

Hao wa njano ndio kazi. Maganda bado unayo, tujue nani katoka kwenye yai la rangi gani?

Mwenye Banda:
Maganda ninayo, lakini sikuona nani katoka wapi. Asante sana mzee wangu, nimewageuza wale weusi: mmoja doa limesambaa, mwingine ni kadoa kadogo katikati.

Mzee wa Kutotolesha:
Basi kwa wa njano tazama miguu na bawa. Funua bawa taratibu ukiwa karibu na mwanga. Leghorn huota haraka, manyoya marefu ya bawa yanayapita yale mafupi ya juu yake tangu siku hizi za mwanzo, na miguu ni ya manjano. Sussex mweupe miguu yake ni myeupe. Upanga wa kichwani bado mdogo mno kukupa jibu, utazame baada ya wiki 3 au 4.

Wavalishe pete za rangi sasa, lakini andika unachokiona, "mweusi, doa dogo", usiandike mbegu. Mbegu utaijaza wakifika wiki 8 hivi, manyoya yakiwa yamekamilika. Na pete uzikague mara kwa mara, kifaranga hunenepa mguu upesi na pete ikibana inakata nyama.

Mama Vifaranga:
Huyo wa manyoya miguuni mwekee matandiko makavu, uchafu ukimgandia vidoleni unamuumiza.